Mtoto wa mbweha si mtoto wa mbwa



Kazini umefundishwa kuvaa kofia, viatu vya usalama na miwani. Umefundishwa kutogusa waya kabla ya kuhakikisha kwamba umeme umekatwa. Lakini hatari haibaki nyuma ya mlango wa kiwanda. Leo tutazungumza juu ya hatari moja inayoingia nyumbani ikiwa imebebwa mikononi. Ni ndogo, ina manyoya laini, na watoto wanaipokea kwa makofi.

Tuchukue mfano. Baba mmoja anarudi kutoka kijijini siku ya pumziko. Kando ya barabara, karibu na magunia ya makala, kijana anauza watoto wawili wa mnyama waliochimbuliwa katika kichuguu. Kijana anasema: «Ni mbwa wa pori, baba. Huyu akikua hakuna mwizi atakayekaribia nyumba yako.» Bei yake si kubwa kuliko ya kuku. Baba anawafikiri wezi wanaozunguka kambini wakati yeye yuko kwenye kazi ya usiku. Analipa na kumchukua mmoja.

Miezi ya kwanza ni furaha. Mnyama anakunywa maziwa, analala miguuni pa watoto, anawafuata mpaka robine. Majirani wanakuja kumtazama. Halafu anakua. Mchana anajificha chini ya kitanda, usiku anazunguka na kukwaruza mlango. Anakojoa kila pembe ya nyumba. Mgeni akiingia, anatetemeka na kuonyesha meno. Jioni moja mtoto wa miaka saba anapeleka mkono kuchukua sahani ya chakula, na mnyama anamwuma kidole. Kidonda ni kidogo, tone moja la damu. Mtoto anakificha, kwa sababu anaogopa kwamba rafiki yake atauawa.

Siku ya tatu mama anakiona. Kidonda kimekwisha kufunga. Baba anasema: «Si kitu, kimepona.»

Msomaji, shika neno hilo. Tutalirudia.

Kuzoea na kufugwa ni mambo mawili

Wengi wetu tunachanganya mambo haya. Mnyama aliyezoea ni mnyama mmoja aliyelelewa na watu tangu udogo, akaacha kuwakimbia. Mnyama wa kufugwa ni yule ambaye wazazi wake, na wazazi wa wazazi wake, vizazi na vizazi, walichaguliwa na watu kwa ajili ya upole. Wa kwanza amebadilishwa mazoea tu. Wa pili amebadilishwa damu.

Wewe wa mgodini utaelewa upesi. Baruti iliyobaki katika tundu bila kupasuka imenyamaza, lakini haijawa jiwe. Unaweza kupita mbele yake siku kumi bila neno. Siku ya kumi na moja unaigonga na chuma. Mbweha aliyelelewa jikoni ni hivyo hivyo. Amenyamaza kwa sababu bado ni mtoto. Akikomaa, hali ya pori inaamka ndani yake, naye hana kosa, kwa maana ndivyo alivyoumbwa.

Mbwa alifikaje nyumbani?

Wazee wengine husema kwamba mbwa ni mbweha aliyekubali kula mabaki yetu. Wataalamu wamechunguza damu za wanyama hawa, nao wanajibu kwamba sivyo. Babu wa mbwa ni mbwamwitu wa kijivu, mnyama wa nchi za kaskazini. Kazi ya kumgeuza ilianza zaidi ya miaka 14,000 iliyopita, kabla watu hawajajua kulima. Mwaka 1914, huko Ujerumani, karibu na mji wa Bonn, wachimba mawe walifukua kaburi la zamani sana la mwanamume na mwanamke. Pamoja nao kulikuwa na mifupa ya mbwa. Maana yake, tangu siku hizo mbwa alikuwa wa jamaa.

Mpaka leo mwili wa mbwa unaonyesha safari hiyo. Mbwa wengi wanaweza kusaga unga tumboni vizuri kuliko mbwamwitu, ndiyo sababu mbwa wako anashiba bukari inayobaki katika sufuria. Mbwa anafuata kidole ukimwonyesha kitu, naye anasoma uso wako.

Je, watu wamejaribu kufanya kazi hiyo tena? Ndiyo. Mwaka 1959, huko Novosibirsk, Urusi, mtaalamu Dmitri Belyaev na msaidizi wake Lyudmila Trut walianza na mbweha wekundu wa kaskazini, wale wanaofugwa kwa ajili ya ngozi zao. Katika kila kizazi walichagua wachache tu, wale wapole kupita wengine, na hao peke yao ndio waliozaa. Kizazi cha nne, wengine walianza kutikisa mkia walipomwona mtu. Baada ya vizazi vingine, walilamba mikono ya watu na kulia wakiwaita. Belyaev alikufa mwaka 1985, lakini kazi iliendelea miaka mingi baada yake.

Fikiri sasa. Kazi hiyo ilihitaji maelfu ya wanyama, wataalamu, vizimba na miaka mingi. Wewe una mnyama mmoja, kamba moja, na watoto watano uani. Huwezi kuimaliza kazi hiyo kati ya mvua moja na nyingine.

Mbweha wetu na mbwa wa pori

Katika mapori ya Katanga anaishi mbweha mwenye mstari mweupe ubavuni. Ncha ya mkia wake mara nyingi ni nyeupe. Mkubwa ana uzito wa kilo 7 hadi 12 hivi. Anatembea usiku, anakula panya, wadudu, matunda na mizoga, na huzalia katika mashimo, mara nyingi katika vichuguu. Dume na jike wanalea watoto pamoja. Porini ni mnyama wa faida, maana anapunguza panya wa mashamba. Nyumbani hana kazi. Halindi mlango wala hajui kwamba nyumba ni yako. Mgeni akija, anatafuta shimo la kujificha.

Yuko pia mbwa wa pori hasa, mwenye madoa meusi, ya manjano na meupe, masikio ya mviringo na vidole vinne katika kila mguu. Yeye huishi kwa kundi, na kundi moja linahitaji nchi ya mamia ya kilometa za mraba. Katika Afrika nzima wamebaki elfu chache tu. Hazai na mbwa wa nyumbani, na anayekuahidi mbwa mkali wa mchanganyiko huo anakudanganya.

Tena kuna sheria. Nchi yetu ina sheria ya uwindaji namba 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982, na sheria ya kulinda viumbe namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014. Mnyama wa pori si mali ya yule aliyemchimbua. Usimnunue. Ukinunua mmoja, muuzaji atarudi kuchimba kichuguu kingine.

Hatari kubwa: raje

Sasa turudi kwa kidole cha mtoto.

Raje, au kichaa cha mbwa, inaletwa na kijidudu kidogo kinachokaa katika mate ya mnyama mgonjwa. Kinaingia kwa jino, kwa ukucha wenye mate, au mnyama akilamba kidonda, jicho au mdomo. Kisha kinapanda polepole katika mishipa ya fahamu mpaka ubongo. Safari hiyo mara nyingi inachukua mwezi mmoja hadi mitatu, pengine siku chache tu, pengine mwaka mzima. Wakati huo wote kidonda kimekwisha kupona, na mtoto anacheza. Lakini siku anapoanza kuogopa maji na kushindwa kumeza, dawa haipo tena. Karibu wote wanaofika hapo wanakufa.

Ndiyo maana neno «kimepona» linadanganya. Ngozi ndiyo iliyopona.

Wataalamu wanakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote katika Afrika na Asia. Katika watu kumi, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Na tuseme ukweli: karibu wote waliumwa na mbwa wa nyumbani, si na mbweha. Basi kwa nini tunakukataza mbweha na kukuruhusu mbwa?

Sababu ni mbili. Ya kwanza, kuna chanjo ya mbwa iliyopimwa na kuthibitishwa. Kwa mbweha aliyefungwa uani, hakuna mganga wa wanyama atakayekuahidi kwamba chanjo hiyo inamkinga, na katika nchi ya Zimbabwe imeonekana kwamba mbweha wa aina hiyo hiyo hupata raje na kuambukizana. Ya pili, mbwa aliyemwuma mtu anaweza kufungwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku zote kumi, tunajua kwamba mate yake hayakuwa na raje siku ile. Kwa mnyama wa pori hesabu hiyo haifai. Kumwangalia hakukupi jibu.

Ukiumwa, fanya hivi

1. Osha kidonda papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa. Hata tone moja la damu, hata mkwaruzo. Kazi hii ya bei ndogo inaokoa watu.

2. Usitie majivu, pilipili, petroli, mafuta wala manyoya ya mnyama. Jiwe jeusi halivuti raje. Usikifunge kidonda kwa nguvu.

3. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Sema ni mnyama gani, alikuuma wapi na lini. Usione haya.

4. Zamani watu waliogopa sindano nyingi za tumboni. Hizo zimepita. Sindano za leo ni chache na hupigwa mkononi: siku ya kwanza, ya 3, ya 7, na nyingine kadiri mganga atakavyoandika. Kwa kidonda kilichotoka damu, ataongeza dawa nyingine ya kinga kwenye kidonda chenyewe. Mama mwenye mimba naye anaweza kuchanjwa.

5. Maliza sindano zote. Anayeacha katikati ni kama mtu aliyeteremka shimoni na nusu ya kamba.

6. Ikiwa siku zimepita, nenda hata hivyo. Maadamu ugonjwa haujaanza, mlango haujafungwa.

Basi baba wa mfano wetu afanye nini siku ya tatu? Amwoshe mtoto kidole kwa sabuni, amchukue hospitali asubuhi ile ile, hata kama usiku hakulala. Mnyama asimtupe porini na asimpige kwa mikono mitupu. Amfungie mahali pasipofikiwa na watoto na kumwita mganga wa wanyama. Na mtoto asipigwe. Mtoto anayepigwa kwa sababu ameumwa, mara ya pili atanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kunakoua.

Mbwa wako, je?

Unataka mlinzi wa nyumba? Chukua mbwa. Nchi yetu ina mbwa wake mashuhuri, yule mdogo wa rangi nyekundu, mwenye mkia uliokunjwa, asiyebweka. Wawindaji humfungia njuga ya mti shingoni ili wajue aliko msituni. Wazungu walimpeleka Uingereza katika miaka ya 1930, wakampa jina Basenji, na leo anafugwa katika nchi nyingi. Wala si lazima uwe na huyo. Mbwa yeyote wa kambini anatosha, ukimtunza.

Kumtunza ni hivi: achanjwe raje akiwa mdogo kama mganga wa wanyama atakavyosema, na chanjo irudiwe kwa tarehe yake. Weka karatasi ya chanjo pamoja na karatasi za watoto. Apewe maji na chakula kila siku, maana mbwa mwenye njaa huzurura na kupigana. Apewe dawa ya minyoo. Asisumbuliwe anapokula, anapolala wala anapokuwa na watoto wake. Kama mbwa 7 katika 10 wa mji wamechanjwa, raje inakosa njia ya kupita, na hata mtoto wa jirani asiye na mbwa anakingwa.

Maswali ya kujibu jioni, baba, mama na watoto pamoja

Mnyama aliyezoea na mnyama wa kufugwa wanaachana wapi? Kwa nini kidonda kilichofunga si dalili ya kupona? Maji na sabuni ni dakika ngapi? Mbwa wetu alichanjwa lini? Mtoto, ukiumwa, utamwambia nani kwanza?

Kama hakuna anayejua jibu la swali la nne, kazi ya wiki hii mnayo. Na jibu la swali la tano liwe moja katika kila nyumba: «Nitamwambia baba au mama sasa hivi, naye hatanipiga.»