Niliyojifunza Nikidai Fidia ya PTSD kutoka Jeshi la Marekani

Niliingia Jeshi la Marekani nikiwa na green card, kama Wakenya, Watanzania na Wakongo wengine niliokutana nao humo. Amri aliyoitia saini Rais George W. Bush tarehe 3 Julai 2002 ilimruhusu mhamiaji aliyekuwa akitumikia jeshi kuomba uraia bila kungoja ile miaka ya kawaida, na hilo lilituvuta wengi. Kazi yangu ilikuwa udereva wa malori. Tulipakia mizigo Kuwait, tukavuka mpaka, tukashika barabara kuu ambayo jeshi liliipa jina la Tampa, hadi kambi ya Balad kaskazini mwa Baghdad. Nilirudi na viungo vyangu vyote. Usingizi ndio haukurudi.

Leo nalipwa fidia ya PTSD, yaani maradhi ya kiwewe yanayomkaa mtu baada ya mambo ya kutisha. Vijana wetu waliopita njia hiyo hiyo hunipigia simu wakiuliza waanzie wapi. Ninawaandikia wao, na wake na waume wanaoishi nao.

1. Weka tarehe kwanza, karatasi zifuate

VA, wizara ya Marekani inayoshughulikia maveterani, huhesabu fidia kuanzia siku dai lilipopokelewa, hata kama ugonjwa ulianza miaka kumi nyuma. Kwa hiyo kabla hujatafuta cheti chochote, wasilisha taarifa ya kusudio la kudai kwa fomu 21-0966 au hata kwa simu. Hapo unapata mwaka mzima wa kukusanya ushahidi na kutuma dai lenyewe, fomu 21-526EZ, huku tarehe yako ikiwa imelindwa. Aliyeachishwa jeshi karibuni akidai ndani ya mwaka mmoja, huhesabiwa tangu siku iliyofuata kuachishwa kwake.

2. Mambo matatu, na mizani ya nusu kwa nusu

Dai la PTSD husimama juu ya mambo matatu: daktari athibitishe kwamba unao ugonjwa huo, pawe na tukio lililokupata ukiwa jeshini, na mtaalamu aunganishe hayo mawili. Hakuna anayekutaka uthibitishe kama vile mwendesha mashtaka anavyothibitisha kosa la mauaji. Inatosha uwezekano kuwa angalau nusu kwa nusu, na ushahidi wa pande mbili ukilingana, sheria inaagiza uamuzi uende upande wa veterani. Lilinipa moyo sana jambo hili, maana nilikuwa nikidhani nitasimamishwa kizimbani.

3. Dereva naye alikuwa vitani

Wengi wetu hatukuwa askari wa miguu. Tulikuwa madereva, wapishi, mafundi, makarani wa ghala, na ndani yetu kulikuwa na sauti ikisema kwamba PTSD ni ya wale waliovunja milango usiku. Kabla ya 2010 hata kanuni zilimwia ngumu mtu wa namna yetu: ilibidi kumbukumbu za jeshi zionyeshe kwamba tukio analolisimulia lilitokea kweli. Tarehe 13 Julai 2010 VA ilibadilisha kanuni. Tangu hapo, kama tukio lako linahusu hofu ya mashambulizi ya adui au magaidi, na linalingana na mahali ulipokuwa na kazi uliyoifanya, maneno yako mwenyewe yanaweza kutosha, mradi daktari wa akili au mwanasaikolojia wa VA, au aliyepewa mkataba na VA, akubali kwamba tukio hilo latosha kuleta ugonjwa.

Cheti changu cha kuachishwa, DD 214, kilionyesha kazi yangu na utumishi wangu Iraq. Balad ilirushiwa makombora mara nyingi hadi askari wakaibandika jina la utani, Mortaritaville. Kwa hiyo kwenye fomu 21-0781 niliandika mambo machache yaliyo wazi: mwezi, barabara, kikosi, lori lililokuwa mbele yetu, kilicholipata. Sikuandika riwaya. Hakuna anayepewa asilimia zaidi kwa kueleza damu kwa urefu, na mwandishi mwenyewe hulala vibaya wiki nzima.

Waliodhalilishwa kingono jeshini wana njia yao, na ninawaomba wasiikatie tamaa kwa sababu tu hawakuripoti. VA hukubali dalili za pembeni: ombi la kuhamishwa kituo, utendaji kazi ulioporomoka ghafla, vipimo vya mimba au vya magonjwa ya zinaa, barua aliyoandikiwa dada au rafiki wakati ule.

4. Kinachopimwa ni kilichoharibika

Hapa ndipo watu wetu wengi huumia. Viwango vya PTSD ni 0, 10, 30, 50, 70 na 100, na havitokani na ukubwa wa tukio. Vinatokana na jinsi ugonjwa unavyokupunguzia uwezo wa kufanya kazi na kuishi na watu. Aliyenusurika mlipuko mkubwa lakini anafanya kazi bila shida nyingi atapata kidogo kuliko aliyesikia makombora kwa mbali kisha akashindwa kukaa na bosi yeyote.

Kwetu mgonjwa aliyelazwa hospitali akiulizwa hali hujibu kwanza kwamba hajambo, kisha ndipo aeleze maumivu, tena kwa sauti ya chini. Ni adabu nzuri, nami nataka watoto wangu wawe nayo. Lakini chumba cha uchunguzi si sebuleni. Daktari anayekupima kwa ajili ya dai mara nyingi ni wa kampuni yenye mkataba. Pengine hutamwona tena, na anachoandika ndicho kitakachosomwa na mtu wa kupanga asilimia ambaye hakujui kabisa. Ukisema hujambo, ataandika hujambo.

Nilikwenda na karatasi. Nilikuwa nimeandika siku zangu mbaya zinavyokuwa, kwa sababu siku ya uchunguzi yenyewe huenda ikawa siku nzuri. Nilieleza kwamba nikiona mfuko wa plastiki kando ya barabara nahama njia bila kuangalia nyuma, kwa kuwa Iraq mabomu yalifichwa kwenye takataka. Nilieleza kazi ya kusambaza mizigo niliyoiacha, ibada ninazotoka katikati, harusi za ndugu nisizohudhuria. Sikuongeza chumvi, wala haikuhitajika. Na uchunguzi usiukose; ukiwa na dharura, piga simu mapema upangiwe siku nyingine, maana asiyetokea dai lake linaweza kukataliwa.

5. Anayelala karibu nawe anajua zaidi

Uamuzi wa kwanza ulikubali kwamba ugonjwa wangu ulitokana na jeshi, ukanipa asilimia 30. Mwakilishi aliyenisaidia na dai akaniuliza ni nani mwingine anayeyaona maisha yangu. Ipo fomu ya mashahidi wa kawaida, 21-10210, na si lazima shahidi awe daktari wala askari.

Mke wangu alikaa nayo mezani jioni moja. "Baba Mwende," aliniambia, "sitaandika kwamba wewe ni shujaa. Nitaandika unavyolala." Akaandika kwamba mimi hukagua milango mara kadhaa kabla ya kulala, kwamba tuna vitanda viwili tangu usiku nilipomkaba koo nikiwa usingizini, na kwamba watoto wetu wamefunzwa kuniamsha kwa kuniita wakiwa mlangoni, wasiniguse. Niliisoma nikatoka nje. Hayo ya watoto sikuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa nilikuwa nimeyazoea hadi nikaona ndivyo nyumba zote zilivyo. Msimamizi wangu wa zamani kazini naye aliandika kwa nini nilihamishiwa zamu ya peke yangu. Tulipeleka hayo yote kama ushahidi mpya, na kiwango kikawa 70.

6. Usinunue kinachotolewa bure

Vyama kama DAV, American Legion na VFW vina wawakilishi walioidhinishwa na VA, na kaunti nyingi zina maofisa wao. Wote hawatozi hata senti. Unamteua kwa fomu 21-22, naye anaweza kuliona faili lako. Sheria ya Marekani hairuhusu mtu kukutoza ada kwa kukuandalia dai la mwanzo. Wakili aliyeidhinishwa anaweza kulipwa tu baada ya uamuzi wa kwanza kutoka. Katika makundi yetu ya WhatsApp wamo wanaoahidi asilimia 100 kwa kugawana nao malimbikizo. Mkimbie mtu huyo, hata akiwa mwana wa kijijini kwenu.

7. Barua ya kwanza ina milango mitatu nyuma yake

Tangu Februari 2019 asiyeridhika na uamuzi huchagua: kuleta ushahidi mpya, kuomba afisa wa ngazi ya juu alipitie upya faili lile lile, au kwenda kwenye Bodi ya Rufaa ya Maveterani. Fanya hivyo ndani ya mwaka mmoja ili usipoteze tarehe yako ya mwanzo. Asilimia nazo hazijumlishwi kama hesabu za darasani: mwenye 70 na 30 hafiki 100, bali 79, inayokadiriwa kuwa 80. Na ambaye ugonjwa umemzuia kushika kazi ya kudumu anaweza kuomba alipwe kwa kiwango cha 100 hata kama hajakifikia.

8. Wazazi nyumbani wanahesabika

Hili wengi hawalijui. Kuanzia asilimia 30 VA huongeza malipo kwa ajili ya mke au mume, watoto, na hata wazazi ambao kipato chao hakitoshi kuwatunza. Fomu ya wazazi ni 21P-509. Anayehamia Machakos au Moshi haipotezi fidia yake, na upo mpango wa VA unaogharimia matibabu nje ya Marekani kwa maradhi yaliyokubaliwa kuwa ya jeshi.

9. Tiba isingoje dai

Babu yangu alipigana Burma akiwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alirudi akawa mtu wa kukaa peke yake chini ya mwembe, na watu wakasema ndiyo tabia yake. PTSD iliingia kwenye orodha rasmi ya magonjwa ya akili ya Marekani mwaka 1980, baada ya maveterani wa Vietnam na madaktari waliowaunga mkono kuipigania. Babu alikuwa ameshazeeka. Mimi nimepata alichokosa. Kuna vituo viitwavyo Vet Center, vilivyoanzishwa 1979, ambako aliyetumikia eneo la vita hupata ushauri nasaha bure, na jamaa zake pia. Kumbukumbu za huko hazipelekwi kwingine bila idhini yako, wala huulizwi kama una asilimia yoyote. Nilianza kwenda wakati dai langu bado liko mezani kwa watu. Na ukiwa Marekani, usiku ukakuelemea hadi ukafikiria kujidhuru, piga 988 kisha bonyeza 1. Atakayepokea amefunzwa kuzungumza na maveterani, na mkeo anaweza kuipiga namba hiyo kwa ajili yako.