Cahors: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mji wa Cahors, kusini-magharibi mwa Ufaransa, umezungukwa na mto Lot pande tatu. Mgeni unayekwenda huko, shika haya.

USIANZE na kupiga picha. Daraja la Valentré, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 1308, ni ngome iliyosimama majini. Lisome kwanza.

VUKA kwa miguu hadi ng'ambo ya magharibi, kisha geuka uutazame mji. Huko ndiko adui alikotarajiwa. Utaona matao sita yaliyochongoka na minara mitatu: ya mwishoni ilifungwa kwa malango, wa kati ulikuwa wa walinzi. Angalia pia nguzo zilivyochongwa ncha ili zipasue mkondo. Hata Henri, mfalme wa Navarre, alipouteka mji mwaka 1580, hakupitia hapa.

USIMPE shetani sifa za waashi. Husimuliwa kwamba fundi mkuu, kazi ilipokawia, alipatana na shetani, kisha akamshinda kwa kumtaka ateke maji kwa chekeche. Naye kwa hasira akawa anang'oa jiwe moja la mnara wa kati kila usiku. Hadithi ni tamu, isimulie. Lakini kile kishetani cha jiwe kilichong'ang'ania pembe ya mnara kiliwekwa katika ukarabati wa Paul Gout, mwaka 1879. Usimwambie mtoto wako kuwa ni cha Zama za Kati. Waliolijenga daraja hili walikuwa watu, na jasho lao linastahili heshima.

USIKWANGUE jina lako ukutani. Kamwe.

INGIA kanisa kuu la Saint-Étienne kwa adabu, simu imezimwa, maana watu bado wanasali humo. Simama chini ya kuba zake mbili kubwa, uone zilivyofunika ukumbi mzima bila safu ya nguzo katikati. Kisha zunguka hadi mlango wa kaskazini, uliochongwa Kupaa kwa Yesu katika karne ya 12. Hapo usiwe na haraka.

USIUDHARAU mji kwa udogo wake. Jacques Duèze, mzaliwa wa hapa, alichaguliwa kuwa Papa Yohane wa 22 mwaka 1316, na jina la mji lilifika mbali kiasi kwamba mshairi Dante aliwataja watu wa Cahors miongoni mwa wala riba.

USIONDOKE kabla ya kufika kaskazini. Upande huo mto haukuulinda mji, kwa hiyo wenyeji waliuziba kwa ukuta. Nenda ukaone mnara wa Saint-Jean na ngome ya Barbacane, ndipo utaelewa daraja lilikuwa na kazi gani.