Programu Inapokataa Baada ya Mfumo wa Kompyuta Kubadilishwa

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha msaada wake wa kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, uliotolewa mwaka 2015. Shule zenye kompyuta za mfumo huo, ziwe mjini Arusha au vijijini chini ya Mlima Meru, zilibakiwa na njia tatu: kuhamia Windows 11, kuhamia mfumo huria kama Ubuntu, au kubaki na mfumo wa zamani na hatari zake.

Taabu haionekani siku ya kubadilisha mfumo. Huonekana kesho yake, mwalimu anapotaka kufungua programu ya kutunzia alama za wanafunzi, nayo inakataa. Wengi hudhani kompyuta imeingiliwa na virusi, wakafuta diski nzima na kuanza upya. Alama za miaka mitatu hupotea kwa saa moja. Yafaa ieleweke kwamba programu inayokataa ina sababu yake, na kwamba sababu hiyo hutafutwa kwa utaratibu.

Uhusiano wa programu na mfumo endeshi

Wakulima wa miteremko ya Meru wanaufahamu mfereji. Maji huchepushwa mtoni penye banio, hupita katika mfereji mkuu, kisha huingia mashambani kwa vijifereji. Mfereji mkuu ukichimbwa upya mahali pengine, kijifereji cha zamani hukauka ijapokuwa hakikubomoka. Programu nayo haifanyi kazi peke yake. Huuomba mfumo endeshi kumbukumbu, nafasi ya diski, na huduma za printa. Mfumo ukibadilishwa, huenda programu ikaomba huduma mahali ambapo haipo tena.

Sababu kuu nne

1. Upana wa biti. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32, ambalo liliweza kuendesha programu za zamani za biti 16. Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, ni ya biti 64 tu. Programu za biti 32 bado hukubaliwa, lakini za biti 16 hukataliwa kabisa.

2. Maktaba. Programu nyingi hutumia mafungu ya maagizo yaliyoandikwa na wengine, yaitwayo maktaba. Ubuntu 22.04 ya mwaka 2022 iliacha maktaba ya OpenSSL 1.1 na kutumia OpenSSL 3. Programu iliyotegemea ile ya kwanza haikuweza kusakinishwa mpaka mtengenezaji wake alipotoa toleo jipya.

3. Viendeshi. Printa huhitaji kiendeshi, yaani programu ndogo inayoiunganisha na mfumo. Kiendeshi cha biti 32 hakifanyi kazi katika Windows ya biti 64, hata kama printa yenyewe ni nzima.

4. Hazina za programu. Ubuntu inapopandishwa toleo, hazina zilizoongezwa kutoka nje ya Ubuntu yenyewe huzimwa. Programu zilizotoka huko huacha kupata marekebisho mpaka hazina zake zihakikishwe na kuwashwa tena.

Utaratibu wa uchunguzi

Hatua ya kwanza hufanywa kabla ya kugusa mfumo: majalada yote muhimu yanakiliwa katika flashi au diski ya nje, nayo huwekwa mbali na kompyuta hiyo.

Pili, ujumbe wa kosa uandikwe neno kwa neno. Kusema "haifanyi kazi" hakumsaidii fundi. Ujumbe wenyewe mara nyingi hutaja maktaba iliyokosekana.

Tatu, ijaribiwe programu nyingine. Zote zikikataa, kosa huenda liko katika mfumo. Ikikataa moja tu, uchunguzi uanzie kwa hiyo.

Nne, kibadilishwe kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha programu ijaribiwe. Hii ni kanuni ile ile ya jaribio la kemia: mwanafunzi akibadilisha joto na kiasi cha asidi kwa pamoja, hatajua ni kipi kilicholeta matokeo.

Tano, litafutwe toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, si mahali pasipojulikana. Shule yenye intaneti haba yaweza kulipakua mara moja tu na kulisambaza kwa flashi. Katika Ubuntu, amri ya sudo apt --fix-broken install hujaribu kukamilisha usakinishaji uliokatika njiani.

Chukuliwe mfano wa programu ya alama iliyoandikwa kwa mfumo wa DOS miaka ya 1990. Katika Windows 11 itakataa, hata ikisakinishwa mara kumi, kwa kuwa tatizo ni upana wa biti. Dawa yake ni DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya zamani ndani ya mpya. Humo alama zaweza kusomwa, kisha zikahamishiwa katika programu ya kisasa. Kama diski ilikwisha kufutwa bila nakala, dawa hiyo haina la kutibu.

Mazoezi

1. Eleza kwa nini kijifereji kikavu si lazima kiwe kimebomoka, kisha oanisha jibu lako na programu.

2. Printa imeacha kufanya kazi baada ya shule kuhamia Windows 11. Taja mambo mawili ya kuchunguza kabla ya kununua nyingine.

3. Kwa nini nakala iliyo katika diski ile ile ya kompyuta haitoshi?