Kujiuzulu Kabla ya Kufukuzwa

Ndugu yetu mmoja wa pwani, aliye karani huko Amalemba, mjini Kakamega, ametuuliza: amenong'onezwa ya kuwa jina lake limo katika watakaoachishwa kazi, je, atangulie kujiuzulu ili kuihifadhi heshima yake?

Twasema: asiharakishe. Mnong'ono si barua. Aombe istikhara, kisha ausome mkataba wake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, yamlazimisha mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa au kwa udhaifu wa kazi, amweleze sababu kwa lugha aifahamuyo, tena amsikilize mbele ya mwenzake wa kazini amtakaye. Na ikiwa ni kupunguzwa watu, kifungu cha 40 chamstahikishia malipo yasiyopungua siku 15 kwa kila mwaka kamili aliotumika. Ajiuzuluye kwa khiari huyapoteza hayo. Na adaiye kuwa alilazimishwa, ni juu yake kuthibitisha.

Ama heshima, hati ya utumishi hutaja kazi na tarehe za kuingia na kutoka. Sheria haidai iandikwe sababu. Khofu iliyobaki ni ya maneno ya barazani, nayo hayakomi hata ukijiuzulu!

Lakini akiwa amekwisha kupata kazi nyingine, na aende. Atoe ilani ya maandishi, siku 28 kwa alipwaye kwa mwezi, ila mkataba ukitaka zaidi. Na kama ajijua amekula mali ya watu, airudishe kwanza, kwani kujiuzulu hakumtoi katika deni.