Somo: Kabla Hujapanda Ngazi

Ndugu wanakikundi, mvua ya Machi ikikaribia, hapa Dandora na Kayole wengi hupanda juu kuziba mabati yanayovuja. Wakati mwingine anayeanguka hakuteleza kwenye paa. Ngazi ndiyo ilimtupa. Basi tushike haya:

1. Kwa kila futi 4 za kwenda juu, mguu wa ngazi ukae futi 1 mbali na ukuta. Paa la futi 12, futi 3.
2. Ngazi ipite ukingo wa paa kwa futi 3, upate pa kushika.
3. Mwenzako aishike chini. Nyaya za stima ziepukeni.
4. Aliyeanguka akilia mgongo au shingo, msimwinue. Atulie pale pale, pigeni 999.

Zungumzeni: ngazi mnayoazimana plotini, nani ameikagua?