Kondomu ya kwanza: jua namba yako kabla ya kwenda dukani

Simama jioni kwenye duka la dawa muhimu pale Ifakara Kibaoni, utamtambua mteja wa kondomu kabla hajafungua mdomo. Anauliza bei ya panadol asiyoihitaji. Anasoma tangazo la chandarua ukutani. Anampisha mama mwenye mtoto, kisha anampisha mzee wa dawa ya presha. Duka likibaki tupu ndipo anainama dirishani na kunong'ona: "Dada, nipe zile." Dada naye, ili asimwaibishe mteja, anachukua boksi lililo karibu na mkono wake, analifunga kwenye gazeti, anarudisha chenji. Upana haukuulizwa, tarehe haikutazamwa.

Siku mpira ukipasuka au ukivuka, lawama zinapelekwa kiwandani. Mara nyingi kosa lilianzia hapo dirishani.

Ukubwa ni upana

Pembeni mwa boksi, au nyuma ya pakiti, tafuta namba inayofuatwa na herufi mm. Huo ni upana wa mpira ukiwa umelazwa bapa. Kondomu nyingi za kawaida zina 52 au 53. Mzunguko wake basi ni kama mara mbili ya namba hiyo, yaani milimita 104 hivi, na mpira hutanuka ili ubane kiasi.

Kujua yako, chukua futi ya fundi cherehani, au uzi na rula. Uume ukiwa umesimama, zungushia katikati bila kukaza, usome. Ukipata kati ya sentimita 11 na 12, hizo za 52 au 53 zinakutosha. Ukiwa chini ya hapo na mpira unalegea, tafuta ya 49. Ukizidi 12 na nusu na mpira unakuachia alama au uume unakufa ganzi, jaribu ya 56 au zaidi.

Majigambo yaache kijiweni. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2015, uliojumlisha vipimo vya wanaume zaidi ya 15,000, ulipata wastani wa mzunguko wa sentimita 11.66. Kwa hiyo ya kawaida inawatosha wengi. Anayenunua kubwa kwa sifa huvaa kama mtu aliyeingia kwenye jaruba na buti la kaka yake: mguu unatoka, buti linabaki topeni. Urefu usikusumbue, maana unaobaki hukaa umeviringika kwenye shina.

Soma pakiti, kisha ibonyeze

Tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Halafu bonyeza pakiti kwa kidole gumba: inatakiwa iwe na hewa ndani, kama mto mdogo. Ikiwa bapa kabisa, ina tundu, au imenata, usiitumie.

Kwa anayeanza, chagua ya kawaida yenye kilainishi, isiyo na vipele wala ladha. Zile zinazogawiwa bure kwenye zahanati na vituo vya afya zinafanya kazi ileile ya kinga, kwa hiyo asiye na hela hana sababu ya kwenda mikono mitupu. Epuka zenye dawa ya kuua mbegu iitwayo nonoksinoli-9. Ikitumika mara kwa mara huchubua ngozi ya ndani, na mchubuko ni mlango wa VVU. Kama wewe au mwenzako mnawashwa na kuvimba kila mnapotumia mpira, huenda ni mzio wa lateksi. Ulizia za poliyurethini, au kondomu ya kike.

Joto la bonde letu

Ifakara kuna joto, na kondomu hailipendi. Chini ya kiti cha bodaboda, kwenye waleti inayokaliwa kutwa nzima, juu ya kabati lililo karibu na bati: kote huko mpira unazeeka kabla ya tarehe yake. Msimu wa mpunga, familia nyingi za Kilombero huhamia mashambani kwa wiki au miezi, mbali na duka lolote. Ukihama, beba za kutosha. Zitie kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko, uliweke kivulini karibu na mtungi wa maji, sehemu yenye ubaridi kuliko zote kwenye kibanda.

Adui wa pili ni mafuta. Mafuta ya nazi, mawese, vaselini na losheni hudhoofisha lateksi ndani ya dakika chache. Ukihitaji utelezi zaidi, nunua kilainishi cha maji au cha silikoni.

Fanya mazoezi peke yako

Kuvaa kwa mara ya kwanza gizani, mwenzako akisubiri, ni kujitafutia fedheha. Toa moja, jifunze mchana.

Sukuma mpira pembeni ndani ya pakiti, kisha chana upande wa pili kwa vidole. Meno na wembe viache. Angalia upande: ukingo ulioviringika uwe nje, mpira ushuke kwa urahisi. Kama umeuweka kinyume, utupe uchukue mwingine, usiugeuze. Minya ncha utoe hewa, viringisha mpaka kwenye shina. Ukimaliza, toka uume ukiwa bado umesimama, huku umeshika ukingo. Funga fundo, funga kwenye karatasi, tupa kwenye choo cha shimo au pipa la taka. Choo cha kuvuta maji kitaziba. Na usivae mbili kwa pamoja: husuguana zikachanika.

Ikitumika sawasawa kila mara, kati ya wanawake 100 kama wawili tu hushika mimba ndani ya mwaka. Kwa matumizi ya kawaida, yenye kusahau na kukosea, hufika kama 13. Tofauti hiyo ndiyo kazi ya mazoezi.

Ikipasuka

Usisubiri kuona dalili. Nenda kliniki ya VVU ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo bora. Wahudumu watakueleza kama unahitaji dawa za kinga za PEP, ambazo humezwa kwa siku 28. Kwa Ifakara, kliniki ipo ndani ya Hospitali ya St. Francis, inayowafuatilia wagonjwa wa Kilombero na Ulanga tangu 2005. Anayetoka ng'ambo ya mto Kilombero hana tena kisingizio cha kivuko, maana daraja la Magufuli lilifunguliwa 2018. Kwa hofu ya mimba, vidonge vya dharura, maarufu kama P2, hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 72.

Sasa rudi dirishani. Usingoje duka libaki tupu. Sema kama unavyoomba namba ya buti: "Dada, naomba ya 53, ya kawaida, isiyo na ladha. Naomba nione tarehe." Mzee wa dawa ya presha akigeuka, mwambie shikamoo. Kisha pokea chenji yako.