Akiba si Matumizi: Usomaji wa Taarifa ya Kumbukumbu ya Mtandao katika Seva ya FreeBSD

1.0 Utangulizi

Makala haya yanadhamiria kubainisha tofauti baina ya istilahi tatu, yaani matumizi, akiba na kikomo, katika utambuzi wa hali ya seva. Wahenga walisema akiba haiozi. Hata hivyo, aghalabu msimamizi wa seva huiona akiba akaidhania matumizi, akapandisha kikomo pasipo haja, ilhali kasoro yenyewe imebaki palepale.

2.0 Mbufu na Klasta

Data inayopita mtandaoni haina budi kungoja kwa muda katika kumbukumbu ya seva. Katika mifumo iliyotokana na BSD ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chombo cha kungojea kimeitwa mbuf tangu toleo la 4.2BSD la mwaka 1983. Hapa kitaitwa mbufu ili kuafiki silabi za Kiswahili. Katika FreeBSD, mbufu moja ina baiti 256. Data isiyotoshea humo huwekwa katika klasta, ambayo kwa kawaida ina baiti 2,048.

3.0 Usomaji wa Taarifa

Amri ya netstat -m huonyesha hali ya vyombo hivi. Mstari wa klasta huwa na idadi nne, kwa mfano 1020/1480/2500/25600. Ya kwanza ni klasta zinazotumika sasa. Ya pili ni akiba: klasta zilizokwisha kuachiliwa, zikawekwa tayari kwa ombi lijalo. Ya tatu ni jumla ya hizo mbili, na ya nne ni kikomo. Anayeitazama jumla pekee atadhani kuwa klasta 2,500 zina kazi, kumbe zaidi ya nusu zimepumzika.

Mstari muhimu zaidi ni ule wa maombi yaliyokataliwa. Idadi zake hujumlishwa tangu seva iwashwe; kwa hiyo sharti zisomwe mara mbili au zaidi. Zisipoongezeka, huenda ukataaji ulikuwa wa zamani.

4.0 Utambuzi wa Chanzo

Maombi yakizidi kukataliwa, hatua inayofuata ni netstat -an. Safu ya Recv-Q ikijaa, programu ya seva haisomi data iliyokwisha kufika. Send-Q ikijaa, upande wa pili haujathibitisha kupokea data. Lakini foleni zote zikiwa tupu, watumiaji wakiwa wachache, na klasta zinazotumika zikiendelea kupanda bila kushuka, yamkini pana uvujaji: sehemu fulani ya kerneli inachukua klasta bila kuzirudisha.

Kupandisha kikomo, yaani kern.ipc.nmbclusters, kunafaa pale ambapo matumizi hupanda wakati wa shughuli nyingi na kushuka baadaye. Penye uvujaji, hatua hiyo huahirisha tu siku ya mtandao kukwama, na kumbukumbu zaidi huliwa.

5.0 Hitimisho

Imebainika kuwa utambuzi huu ni suala la semantiki kabla ya kuwa la ufundi. Mfasiri akitumia neno "zilizotumika" kwa klasta zilizo kazini na zilizo akibani, msomaji wake atatibu seva isiyougua. Waundaji wa istilahi za tarakilishi hawana budi kuelewa kwanza utendakazi wa kitu, ndipo wakipe jina.